Kwa nini tanbihi huacha pengo chini ya ukurasa ambao bado una nafasi?

#1 Mpangakurasa
Habari za kazi. Ninapanga kitabu cha historia cha kurasa 312 za ukubwa wa A5, chenye tanbihi zaidi ya mia sita. Matini kuu ni ya pointi 10.5 kwa nafasi ya mistari ya pointi 14, na tanbihi ni za pointi 8.5 kwa nafasi ya pointi 11. Katika kurasa 27 nimekuta jambo ambalo sijaweza kulieleza: matini inakoma mapema, linabaki pengo tupu la mistari mitatu hata sita juu ya mstari wa kutenganisha, na katika baadhi ya kurasa hizo tanbihi yenyewe imekatwa vipande viwili, nusu yake ikahamia ukurasa unaofuata. Nafasi ipo, lakini programu haiitumii. Sitaitaja programu kwa jina, kwa sababu niliijaribu sura moja katika programu ya pili na pengo likatokea tena, ingawa katika kurasa nyingine.

Mwandishi ameziona kurasa hizo na sasa anataka tanbihi zote zihamishiwe mwisho wa kitabu. Mimi sitaki. Nusu ya tanbihi zake si marejeo matupu bali ni mabishano na watangulizi wake, na msomaji asiyeyaona papo hapo hataelewa kwa nini hoja imegeuka vile. Kabla sijamjibu naomba kujua: kosa ni la programu, ni la mipangilio yangu, au ndivyo tanbihi zilivyo?

#2 Fundi Fremu
Ndivyo zilivyo, ndugu. Chukua ukurasa ambao mstari wake wa mwisho una nambari ya rejea, na tanbihi ya nambari hiyo ina mistari minne. Programu ikiiweka tanbihi, matini kuu hupoteza zaidi ya mistari mitatu, na mstari wenye nambari husukumwa ukurasa wa pili. Nambari ikishahama, tanbihi haina tena sababu ya kubaki. Tanbihi ikiondoka, nafasi inafunguka na mstari wenye nambari unarudi. Mstari ukirudi, tanbihi inarudi nao. Mzunguko huo hauna mwisho, kwa hiyo programu inaukata kwa njia moja kati ya mbili: ama inaigawa tanbihi, ama inauhamisha mstari wenye nambari na kuliacha pengo wazi. Unachokiona ni alama ya kisu.

#3 Binti Hariri
Fundi, maelezo yako ni sahihi kwa ukurasa mmoja mmoja, lakini hayatoshi hapa. Mzunguko unaousema huleta pengo au mkato. Mpangakurasa ana kurasa zenye vyote viwili kwa pamoja, tena kurasa 27, na mimi sijawahi kuona matini iliyo na bahati mbaya kiasi hicho.

Ningependa aangalie kwanza mtindo wa aya wa tanbihi umerithi nini kutoka mtindo wa matini kuu. Wengi wetu huunda mtindo wa tanbihi kwa kuufanya mtoto wa mtindo mkuu, kisha tunapunguza herufi na nafasi ya mistari, tukasahau kwamba mtindo mkuu umefungwa kwenye gridi ya mistari, yaani mistari isiyoonekana ambayo kila mstari wa matini hukalia. Gridi ikiwa ni ya pointi 14, basi pointi 11 ulizoandika hazifuatwi. Kila mstari wa tanbihi unaruka hadi kwenye mstari wa gridi unaofuata. Tanbihi ya mistari sita iliyopaswa kula pointi 66 inakula 84, nyongeza ya pointi 18, yaani zaidi ya mstari mzima wa matini kuu. Ukurasa wenye tanbihi tatu za namna hiyo unapoteza karibu mistari minne bila jicho kugundua, kwa sababu macho yetu huhesabu mistari, hayapimi nafasi.

#4 Safu Mbili
Naongeza la tatu. Je, umeiagiza programu isiache mstari mmoja wa aya peke yake juu au chini ya ukurasa? Kama umeagiza mistari miwili mwanzoni na miwili mwishoni, aya ya mistari mitatu haiwezi kukatwa popote, kwa sababu ukikata baada ya wa kwanza unabaki na mmoja chini ya ukurasa, na ukikata baada ya wa pili unabaki na mmoja juu ya ukurasa unaofuata. Aya nzima inahama, na tanbihi zake zinaifuata. Pengo la mistari mitatu linaelezeka bila kuigusa gridi.

#5 Mwanagenzi
Asanteni, najifunza mengi. Naomba kuuliza kwa nini jambo hili halijatatuliwa hadi leo. Mimi nilisoma kwamba InDesign, programu ya kupanga kurasa, haikuwa na tanbihi kabisa hadi mwaka 2017, basi labda programu hizi bado ni changa katika eneo hili?

#6 Mchapaji Mkongwe
Mwanangu, umechanganya vitu viwili. InDesign ilitoka mwaka 1999 bila tanbihi, ikazipata za chini ya ukurasa katika toleo la CS2 la mwaka 2005. Kilichokuja mwaka 2017 ni tanbihi za mwisho, zile zinazokusanywa nyuma ya sura au ya kitabu. QuarkXPress, programu nyingine ya kazi hiyohiyo ya tangu 1987, ilisubiri hadi toleo lake la 2015. Scribus ilizifanyia kazi kwa miaka mingi katika matoleo yake ya majaribio, na watu wa toleo thabiti wakazipata ndani ya 1.6, mwezi Januari 2024. Affinity Publisher ilianza mwaka 2019 bila hata moja, kisha toleo lake la pili, Novemba 2022, likaleta zote tatu kwa mpigo: za chini, za mwisho na za pembeni.

Sasa fikiri maana ya tarehe hizo. Kwa miaka mingi wapangaji wengi waliweka kila tanbihi katika fremu yake, yaani kisanduku cha matini, na kuisukuma kwa mkono. Nilipanga kitabu kimoja cha sheria kwa namna hiyo. Mwandishi alirudisha prufu, zile kurasa za kusahihishwa kabla ya kuchapa, akiwa ameongeza sentensi mbili katika ukurasa wa 9, na kuanzia hapo hadi mwisho wa sura nilisogeza fremu 43 moja baada ya nyingine, na mbili kati yake zikabaki katika ukurasa usio wao hadi kitabu kikachapwa. Bado naikumbuka nambari ya ukurasa. Kwa hiyo mapengo haya yananisumbua kidogo kuliko yanavyowasumbua ninyi.

#7 Mpangakurasa
Binti Hariri, shikamoo ya heshima. Mtindo wa tanbihi ulikuwa umefungwa kwenye gridi kama ulivyosema. Nimeufungua, na kurasa zenye pengo zimeshuka kutoka 27 hadi 11. Safu Mbili, nimelegeza sharti la mistari miwili katika sura ya tatu pekee ili nione, na ukurasa mmoja tu umepona, lakini ukurasa mwingine uliokuwa mzima ukaharibika. Sijui niseme nini juu ya hilo.

#8 Fundi Fremu
Uliobaki ni mzunguko wangu. Kurasa 11 kati ya 312 ni bahati mbaya ya kawaida.

#9 Kalamu ya Chuma
Ndugu zangu, wengi wenu mnaongea kana kwamba programu inaamua kwa hila. Katika TeX, programu ya kupanga matini ya Donald Knuth, uamuzi huu uko wazi, na kuujua kunasaidia hata kwa wasioitumia. Kila mahali panapoweza kukatwa pana adhabu yake kwa tarakimu, na programu hutafuta mkato wenye gharama ndogo zaidi. Katika LaTeX, iliyojengwa juu ya TeX, adhabu ya kuikata tanbihi katikati ya mistari yake kwa kawaida ni 100, kiasi kidogo. Ukiipandisha hadi 10000, umepiga marufuku, na tanbihi haikatwi kamwe. Wengi hufanya hivyo kwa furaha, kisha wanarudi kulalamika kwamba kurasa zao zina mapengo. Hakuna adhabu ya bure: ukizuia mkato unanunua pengo, ukizuia pengo unanunua mkato, na ukizuia vyote viwili mistari ya matini itaachana kama meno yenye mwanya.

Kwa hiyo swali la kumuuliza Mpangakurasa ni hili: programu yake imeruhusiwa kukata tanbihi au imekatazwa? Kama imekatazwa na bado inakata, basi mimi pia sina maelezo.

#10 Msomi wa Pambizo
Niruhusuni nilete njia ya tatu ambayo mwandishi na mpangaji wote hawajaifikiria. Kwa nini tanbihi zisikae pembeni? Neno tunalo tangu zamani: hashia, pindo la nguo, na pia ukingo wa ukurasa. Katika vitabu vya mkono vya Kiarabu, maelezo ya mwanachuoni yaliandikwa katika ukingo huo kuizunguka matini, na msomaji aliyaona pale pale neno lilipo. Biblia ya Geneva ya mwaka 1560 nayo ilijaza pambizo zake maelezo. Tanbihi ya pembeni haiigusi kabisa kina cha safu ya matini, na kwa hiyo mzunguko wa Fundi Fremu unakufa: nambari na maelezo yake viko sambamba, na hakuna kinachomsukuma mwenzake. Kitabu cha mabishano, ambacho ndicho Mpangakurasa anacho, kingenufaika zaidi kuliko kitabu chochote.

#11 Binti Hariri
Napenda pambizo kama wewe, Msomi, lakini tupime. Ukurasa wa A5 una upana wa milimita 148. Toa 18 za ndani kwenye mkunjo na 12 za nje, zinabaki 118. Safu ya pembeni ikipewa 32 na mwanya wa 5, matini kuu inabaki na milimita 81. Kwa herufi za pointi 10.5 hapo panaingia alama takriban 48 kwa mstari, na wapangaji wengi hutaka kati ya 45 na 75, hivyo tumeponea chupuchupu. Lakini ile safu ya pembeni, kwa herufi za pointi 7.5, inabeba alama 27 hivi. Sasa weka ndani yake maneno yetu: "hawakumshughulikia" peke yake lina herufi 18. Ukisawazisha pande zote mbili utapata mito ya weupe kati ya maneno, usiposawazisha utapata ukingo wenye meno, na kila mstari wa pili utaishia na kistari.

Na kistari chenyewe kina shida yake. Ukiiacha lugha ya mtindo wa tanbihi iwe Kiingereza, programu itakata kwa kanuni za Kiingereza. Silabi zetu nyingi huishia kwa irabu, basi "wa-li-o-i-shi" ni rahisi kwa mtu, lakini kamusi ya lugha nyingine haijui hilo, na niliwahi kuona ng' ya "ng'ombe" ikitenganishwa na irabu yake katika safu nyembamba. Katika matini pana kosa hilo hutokea mara chache. Pambizoni hutokea kila ukurasa.

#12 Fundi Fremu
Msomi, mzunguko haukufa, umehamia pembeni. Programu isiyo na tanbihi za pembeni za kuzaliwa nazo hukulazimu utumie fremu zilizotiwa nanga kwenye neno, na fremu hizo hazijuani. Neno la mstari wa 4 likiwa na maelezo ya mistari tisa na neno la mstari wa 7 likiwa na maelezo yake, fremu mbili zinapandana, na hakuna onyo. LaTeX angalau huisukuma ya pili chini na kukuarifu kwamba imeisogeza. Halafu maelezo marefu yanayoanza karibu na mwisho wa ukurasa huning'inia chini ya matini au hutoka nje ya karatasi.

#13 Msomi wa Pambizo
Ninakubali kuhusu A5. Sikubali kuhusu kupandana, kwa sababu mhariri mwema hupunguza maelezo yanayopandana, na kitabu kinakuwa bora. Mwandishi akijua kwamba ana mistari sita tu, ataandika mistari sita.

#14 Mpenda Faharasa
Salaam. Naona kila mtu amemkimbia mwandishi bila kumsikiliza. Tanbihi za mwisho zina heshima yake. Edward Gibbon alipotoa juzuu ya kwanza ya historia yake ya Dola ya Roma mwaka 1776, maelezo yake yote yalikuwa nyuma ya kitabu, na hakuna aliyeona tabu.

#15 Mchapaji Mkongwe
Yupo aliyeona tabu, ndugu yangu, na hakuwa mtu mdogo. Mwanafalsafa David Hume aliisoma juzuu hiyo mwaka uleule, akamwandikia mchapishaji William Strahan akilalamika kwamba msomaji anafungua mwisho wa kitabu na mara nyingi anakuta jina la chanzo tu, na akashauri marejeo hayo yachapwe pambizoni au chini ya ukurasa. Matoleo yaliyofuata yakayashusha chini ya ukurasa. Mfano ulioutoa unamtetea Mpangakurasa.

#16 Mpenda Faharasa
Nashukuru kwa sahihisho, nimejifunza. Hata hivyo angalia Hume alilalamikia nini: kusafiri hadi mwisho na kukuta jina la chanzo peke yake. Tabu hiyo huondolewa kwa kazi ya mpangaji. Juu ya kila ukurasa wa maelezo ya mwisho andika "Maelezo ya kurasa 45–61", badala ya neno "Maelezo" tupu ambalo halimsaidii mtu. Msomaji aliye ukurasa wa 52 haulizi yuko sura ya ngapi, anafungua na kufika. Ni kazi ya siku moja, lakini lazima ifanywe baada ya kurasa zote kutulia, kwa sababu mstari mmoja ukihama vichwa hivyo vyote vinaweza kudanganya. Vitabu vingi vya maelezo ya mwisho vinachosha kwa sababu hakuna aliyetaka kuitoa siku hiyo moja.

#17 Safu Mbili
Kwa hilo la vichwa naunga mkono kwa mikono miwili. Na kama nambari zinaanza upya kila sura, bila vichwa hivyo msomaji hukuta nambari 14 mara kumi nyuma ya kitabu asijue ya kwake ni ipi.

#18 Mwanagenzi
Samahani kwa kutoka kidogo. Kitabu hiki kikitolewa pia kwa kusomwa kwenye simu, ugomvi huu wote unabaki na maana gani? Kule hakuna chini ya ukurasa.

#19 Kalamu ya Chuma
Swali zuri. Katika EPUB, muundo wa vitabu vya kielektroniki, matini humiminika upya kila msomaji anapobadili ukubwa wa herufi, hivyo tanbihi ni kiungo tu. EPUB 3 inaruhusu maelezo yafunguke katika kidirisha juu ya matini ikiwa nambari na maelezo yake vimetiwa alama zinazostahili, na si kila kisomeo hufanya hivyo. Unachotakiwa kukilinda ni kiungo cha kurudi. Msomaji anayepelekwa kwenye maelezo asipate njia ya kurudi kwenye sentensi yake hataligusa tena tarakimu lolote. Hapo ndipo tanbihi zilizowekwa kwa mkono, kama zile fremu 43 za Mzee Mchapaji, hufa kabisa: programu haijui kwamba zinahusiana na nambari, basi haiwezi kuunda kiungo.

#20 Mpangakurasa
Ninarudi na habari. Nimefungua tanbihi za kurasa 11 zilizosalia moja moja nikiwa nimeonyesha alama zilizofichika. Katika saba kati yake, mwishoni mwa tanbihi kulikuwa na aya tupu iliyokuja na faili la mwandishi kutoka Microsoft Word. Alibonyeza kitufe cha mstari mpya kila alipomaliza kuandika. Aya hizo tupu zilibeba ukubwa wa herufi wa matini kuu. Nimezifuta, na kurasa nne tu zimebaki na pengo.

Kalamu ya Chuma, kuhusu swali lako: kukata tanbihi kumeruhusiwa. Katika kurasa mbili kati ya hizi nne tanbihi haikatwi ingawa kuna nafasi ya mistari miwili, na katika mbili nyingine inakatwa ingawa kuna nafasi ya kuikamilisha yote.

#21 Fundi Fremu
Zile mbili za kwanza ni mzunguko. Nimesema tangu juzi.

#22 Binti Hariri
Na zile mbili za pili? Mzunguko hauwezi kuikata tanbihi inayoenea. Nashuku ni kima cha chini cha nafasi iliyowekwa kabla ya tanbihi ya kwanza, ambayo programu huijumlisha ingawa huioni, au kuna picha katika ukurasa unaotazamana nao iliyoamriwa kusukuma matini na kingo zake zimevuka mkunjo. Angalia fremu za picha kwanza.

#23 Safu Mbili
Mimi nashuku bado sharti la mistari miwili, safari hii ndani ya mtindo wa tanbihi wenyewe. Alilegeza kwenye matini kuu tu.

#24 Mpangakurasa
Hakuna picha katika sura hizo. Sharti la mistari miwili halimo katika mtindo wa tanbihi. Nafasi ile ya kabla ya tanbihi ya kwanza ni pointi 7, na nikiiondoa ukurasa mmoja unapona na mwingine haubadiliki.

Kwa upande wa mwandishi, tumezungumza. Nilimwonyesha kurasa zilizopona na amekubali nusu ya safari: mabishano yabaki chini ya ukurasa, marejeo matupu yaende mwisho wa kitabu kwa vichwa alivyovieleza Mpenda Faharasa. Programu inaniruhusu kuwa na aina zote mbili ndani ya kitabu kimoja. Nafikiri marejeo yabaki na nambari, na mabishano yapewe kinyota (*) na jambia (†), yakianza upya kila ukurasa.

#25 Mchapaji Mkongwe
Mpango mzuri, ila hesabu mabishano ya ukurasa ulio na mengi zaidi. Kinyota, jambia, jambia mbili (‡), kisha alama ya kifungu (§): baada ya hapo wasomaji wengi hawajui kinachofuata, na utaanza kurudufu vinyota. Tena kinyota karibu na nambari ya juu husomeka kama sehemu yake. Kama kuna jedwali, maelezo yake yabaki chini ya jedwali kwa herufi ndogo, yasiingie katika mfululizo wowote kati ya hiyo miwili.

#26 Msomi wa Pambizo
Marejeo yakishaondoka, ukurasa utabaki na bishano moja au mawili mafupi. Mpangakurasa, lipime tena lile wazo la hashia kwa sura moja tu, ukipunguza herufi kuu hadi pointi 10.

#27 Binti Hariri
Ukiondoa marejeo, mtiririko wote utabadilika, na zile kurasa mbili zisizoelezeka huenda zikapona zenyewe au zikazaliwa nyingine kwingine. Kabla hujagusa chochote hifadhi nakala ya faili kama lilivyo sasa, kisha uniletee picha ya kurasa hizo mbili pamoja na ile inayozitangulia. Bado siamini kwamba hakuna kitu ndani yake.